Kabla hujanunua busta nyingine, panda juu ya paa

Wiki mbili zilizopita niliitwa Kigamboni, kwa mama mmoja mtu mzima asiyekosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hata begi sijaliweka chini, akanitolea busta ya antena kwenye mfuko wa rambo, nyingine ikiwa tayari imefungwa nyuma ya televisheni. "Fundi mwanangu, hiyo iliyofungwa nimenunua mwenyewe, na hii ameniletea mjukuu. Tukizifunga zote mbili ndiyo kabisa, picha inaganda mtu kafumbua mdomo."

Nikaomba rimoti, nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi. Mle kuna mistari miwili ambayo wateja wengi hawajawahi kuiangalia: mmoja unaonyesha nguvu ya mawimbi, mwingine ubora wake. Wa nguvu ulikuwa umejaa, 92. Wa ubora ulikuwa unarukaruka kati ya 10 na 25. Hapo hapo nikajua busta hazina la kufanya. Busta inakuza kila inacholetewa, mawimbi pamoja na makelele yake, kisha inaongeza makelele kidogo ya kwake. Ukiiletea uchafu, itakurudishia uchafu mwingi zaidi.

Enzi za analojia mtu alikuwa anajua hali yake kwa macho. Bara tulianza kuwa na vituo vyetu mwaka 1994. Kabla ya hapo wenye televisheni Dar walielekeza antena ndefu baharini kunasa Televisheni ya Zanzibar, ambayo ilikuwa hewani kwa rangi tangu miaka ya 1970. Picha ikija na chenga nusu, sebule nzima inashangilia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ikazimwa, na chenga zikaondoka nazo. Dijitali haina huruma ile. Ubora ukiwa juu ya kiwango, picha ni safi kama kioo. Ukishuka kidogo tu chini yake, picha inakatika vipande, sauti inakwaruza, halafu giza. Kwa hiyo antena mbovu inaweza kukudanganya mwaka mzima kwamba ni nzima, hadi siku mvua inaponyesha.

Basi nikapanda juu. Antena ilikuwa ya Yagi, ile ya mfupa wa samaki waliyoibuni Wajapani Yagi na Uda miaka ya 1920, na ilikuwa imeelekezwa sawasawa. (Nusu ya nyumba ninazoitwa, antena imefungwa kinyumenyume. Vijiti vifupi ndivyo vinavyotazama mnara, na kile kirefu au wavu unakaa nyuma.) Vijiti vyake vililala sambamba na ardhi, sawa na za majirani. Hilo nalo liangalie: kama mtaa mzima wamelaza, wewe ukasimamisha, umetupa sehemu kubwa ya mawimbi bure.

Tatizo lilikuwa kwenye konekta. Nilipoifungua pale chini ya antena, maji yalidondoka. Ule uzi wa shaba wa katikati ulikuwa umeota kutu ya kijani, na wavu unaouzunguka umekuwa mweusi. Upepo wa bahari una chumvi, na konekta iliyoachwa wazi kule juu haimalizi masika mawili. Maji yakishaingia hayakai mdomoni. Yanafuata ule wavu ndani ya waya kama mafuta yanavyopanda utambi. Ndiyo maana sikubadilisha konekta peke yake. Nilikata waya karibu mita moja na nusu hadi nilipoona shaba inang'aa, nikafunga konekta mpya, nikaizungushia utepe wa mpira. Ukikosa utepe, ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa ukakaza unasaidia. Pale waya unapoingia ndani nikauachia kitanzi kinachoning'inia, maji yadondokee nje.

Wakati wa kufunga konekta, angalia vinyweleo vya wavu. Kimoja tu kikigusa uzi wa katikati, umeunganisha njia mbili zisizotakiwa kukutana, na utabaki unailaumu antena.

Kuhusu waya wenyewe: chukua RG6 ya omu 75. Kwenye masafa ya televisheni unapoteza takriban desibeli 20 kwa kila mita 100, maana yake mita 15 tu zinakula nusu ya nguvu iliyonaswa juu. Waya mwembamba unakula zaidi. Wa spika nimeukuta mara mbili, sina la kusema.

Urefu wa bomba la kusimamishia antena watu wanautukuza kupita kiasi. Mnara ukiwa na mita 100, antena ya mita 3 inaona upeo wa kilomita 48 hivi. Ukiinua hadi mita 10 unafika kama 54. Faida kubwa ya kupanda ni kuruka bati la jirani na majani ya mwembe, ambayo yakilowa yanameza mawimbi kuliko yakiwa makavu. Tena wimbi la megahezi 600 lina urefu wa nusu mita, kwa hiyo kusogeza antena sentimita 25 pembeni mara nyingine kunafanya kazi ambayo mita mbili za bomba hazikuweza.

Na unapoigeuza, taratibu. Mazoea yetu ni mmoja juu ya paa, mtoto dirishani anapiga kelele "Bado! Bado! Hapo hapo!" Kwa analojia ilifaa. King'amuzi kinahitaji sekunde kadhaa kushika, hivyo ukizungusha haraka unapita penyewe na mtoto bado anasema bado. Geuza kidogo, hesabu hadi tano, asome namba ya ubora, kisha endelea. Na kabla ya yote hayo, tazama nyaya za umeme zimepita wapi. Bomba la chuma likiziangukia, fundi hashuki mzima.

Niliposhuka nikang'oa ile busta ya nyuma ya televisheni. Nguvu ikashuka hadi 61. Mama akashtuka, "Umeniharibia!" Nikamwonyesha mstari wa pili: ubora 78, umetulia. Jirani yake kuna mnara wa simu, na masafa ya megahezi 700 na 800 yaliyokuwa ya televisheni siku hizi ni ya simu. Busta zile za zamani zilikuwa zinayakuza nayo, zinazidiwa.

Akaniuliza busta azifanyie nini. Moja ilikuwa imeungua. Ya pili ni ile ya kufungwa juu, jirani na antena, ikivuta umeme kupitia waya wenyewe, na mama ana binamu yake Mkuranga ambaye antena yake iko kwenye mnazi, mita 40 kutoka sebuleni. Huko antena inanasa safi ila waya unamaliza kila kitu njiani. Jumapili naenda kuifunga.