Uchawi wa Vance: maana yake na ulivyofika kwenye meza ya mchezo

Ukikaa na wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo ambao kila mtu anavaa uhusika na dadu ndizo zinazoamua mambo, haitapita muda utamsikia mmoja akilalamika: "Mimi nimeishiwa, matabano yangu yote ya leo nimeshayatumia." Huo ndio uchawi wa Vance: kila tabano, yaani maneno ya uchawi, ukishalitamka linakutoka.

Jina limetokana na Jack Vance, mwandishi Mmarekani aliyeishi 1916 hadi 2013. Kitabu chake The Dying Earth, kilichotoka 1950, kinasimulia zama za mbali sana zijazo, jua limechakaa na laweza kuzimika siku yoyote. Elimu nyingi ya kale imepotea; katika matabano yote yaliyowahi kujulikana, yamebaki mia moja na ushei tu.

Hapa neno "uchawi" lataka uangalifu. Kwetu mchawi ni wa kuroga watu. Anayetibu ni mganga, na anayetoa njiwa kwenye kofia anafanya mazingaombwe. Hadithi hizi hazitenganishi hivyo. Uchawi ndani yake ni nguvu yoyote ipitayo kawaida, ya heri au ya shari, na tabano ni maneno yanayotamkwa ili nguvu hiyo itende kazi.

Sasa, mtunzi yeyote anayemwingiza mchawi kwenye hadithi ana swali la kujibu: kwa nini mtu huyu hamalizi matatizo yote kwa neno moja, tukafunga kitabu? Mfumo wa uchawi ni majibu ya mtunzi kwa swali hilo: nani anaweza, anafanyaje, na anatozwa nini. Wengine hutoza nguvu za mwili. Wengine humtaka mchawi ajue kwanza jina la kweli la kitu.

Vance alitoza kumbukumbu. Kwake tabano halikaririwi kama shairi la shuleni, likakaa kichwani maisha yote. Ni kitu kizito, linasukumwa akilini kwa jitihada, na akili hata ya bingwa hubeba machache. Mchawi mmoja kitabuni, Mazirian, anafungua vitabu vyake na kujishindilia matano kabla ya kutoka kumfukuza msichana aliyepanda farasi. Kila analolitamka linafutika kichwani, na msomaji anaanza kuhesabu naye: yamebaki mangapi? Fikiria vocha ya kukwangua. Ukishaingiza namba, salio limeingia, lakini namba yenyewe imekufa. Ukitaka tena, rudi dukani.

Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, walitoka kwenye michezo ya vita vya mezani, ambako kila kitu lazima kihesabike. Kwa watu hao, wazo la Vance lilikuwa mali. Uchawi usio na mpaka ungemfanya mwenye upanga abaki mtazamaji. Uchawi unaohesabika kama mishale unampa kila mtu nafasi yake.

Tazama ulivyofanya kazi katika kanuni zile za kwanza. Mchawi wa daraja la kwanza alikuwa na tabano moja kwa siku. Moja tu. Asubuhi anafungua kitabu chake: achague la kulaza maadui, la kutoa mwanga, au la kuzuia mlango usifunguke? Akichukua la kulaza, saa mbili baadaye kundi la maadui likawatokea, anawaangusha kadhaa kwa mara moja na wenzake wanampigia makofi. Wakisonga mbele wakakutana na kundi la pili, hana deraya, na silaha aliyoruhusiwa ni kisu. Uamuzi wa asubuhi ndio unaomtoa jasho jioni, na kwangu hapo ndipo utamu wa mfumo huu ulipo.

Mchezo haujaficha deni lake. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 1979 unamtaja Vance kati ya waandishi waliouchochea. Mojawapo ya matabano yale matano ya Mazirian, lenye miale ya rangi nyingi, liliingia mchezoni likiwa na jina linalokaribia kuwa lilelile. Na Vecna, mchawi mfu anayeogopwa kuliko wengi mchezoni? Panga upya herufi zake, utaona.

Michezo mingine hupendelea akiba ya pointi, mara nyingi ikiitwa mana, neno kutoka lugha za visiwa vya Pasifiki. Hata Dungeons & Dragons yenyewe imelegeza kamba. Toleo la 2008 liliwapa wachawi mashambulizi wanayoweza kuyarudia wakati wowote, na lile la 2014 likaacha matabano madogo yasiishe kabisa. Wachezaji wapya wamefurahi, na nawaelewa, maana kukaa saa nzima na kisu mkononi kunachosha. Ila mimi namkosa yule mchawi wa tabano moja. Angalau katika toleo hilo la 2014, mchawi akitaka kubadilisha aliyoyaandaa, lazima kwanza alale, kisha aamke na kukaa na kitabu chake.