Mtoto njiti, CPAP na kelele za ndani ya inkubeta: maswali ya wazazi

Swali: Kamtoto kadogo hivyo kanasikia kweli?
Kanasikia. Masikio yanaanza kupokea sauti kama kwenye wiki ya 25 ya mimba hivi, kwa hiyo aliyezaliwa na wiki 28 anasikia, ila ubongo wake bado haujaweza kuchuja kelele, zinamwingia zote.

Swali: Si yuko ndani ya boksi, ile inkubeta?
Boksi linapunguza kidogo kelele za nje, sawa, lakini lenyewe lina feni na mota, na sauti ikianzia mle inagonga kuta inarudi. Sasa akiwekewa CPAP, ile mashine ya kusukuma hewa puani, hewa inavuma pale pale karibu na masikio yake, flo (kasi ya hewa) ikipandishwa na mvumo unapanda, maji yakijikusanya kwenye mipira ya kupitishia hewa nayo yanabubujika. Madaktari wa watoto wa Marekani walishasema tangu 1997 kelele za wodi ya njiti zisizidi desibeli 45 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), wakati inkubeta nyingi zinafika 50 na kitu kwa feni tu. Usidharau hiyo tofauti, kila desibeli 10 zikiongezeka nguvu ya sauti inakuwa mara 10.

Swali: Basi CPAP itolewe?
Hapana jamani, pumzi kwanza! Nesi anaweza kumwaga yale maji na kuangalia kama hewa inavuja puani, flo anaamua dokta. We usiguse.

Swali: Kelele zinamfanya nini?
Anashtuka, mapigo ya moyo yanabadilika, oksijeni inashuka, mwingine anaacha kupumua kwa sekunde kadhaa. Usingizi unakatika pia, na ubongo wake unakua sana akiwa amelala. Kuhusu kuwa kiziwi, njiti wako kwenye hatari zaidi ila sio kelele peke yake, kuna dawa kama gentamaisini nazo zinachangia, ndo maana ulizia kipimo cha masikio kabla hamjaruhusiwa.

Swali: Mzazi nifanyeje?
Kale kadirisha ka inkubeta kafunge taratibu kwa mikono miwili, ukikabamiza kishindo mle ndani kinaweza kupita desibeli 80. Usiweke chupa wala simu juu ya inkubeta, usigonge kioo eti umwamshe (hili naliona sana kwa wageni). Alamu ikilia ita nesi, usizime.

Swali: Kwa hiyo nisiongee naye?
Ongea, tena sana, kwa sauti ya chini. Na kama hali imetulia muulize nesi kuhusu kangaruu, yaani kumlaza mtoto kifuani kwako ngozi kwa ngozi, hata mwenye CPAP anaweza kuwekwa.