Kwa nini mwarobaini ni mchungu? Maswali na majibu kuhusu kemikali za mimea na tiba asili

Mmea hutengeneza dawa kwa ajili yetu?

Hapana. Mmea hauna miguu ya kumkimbia mdudu wala mkono wa kumfukuza mbuzi. Hujilinda kwa vitu unavyovitengeneza ndani ya majani, magome, mizizi na mbegu zake. Viambata vingine hufukuza walaji, vingine huzuia kuvu, vingine ni rangi na harufu za kuwaita nyuki. Sasa, mishipa ya fahamu na vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini) vya wanyama vina mengi yanayofanana na vyetu, kwa hiyo kiambata kilichokusudiwa kumdhuru mdudu huweza kuugusa na mwili wa mtu. Kidogo kinatuliza, kikizidi kinaua. Dawa na sumu za mimea zimetoka katika chungu kimoja, na ndiyo maana suala la kiasi halikwepeki.

Kemikali hizo zinasaidiaje kupanga mimea katika familia zake?

Zamani mimea ilipangwa kwa macho. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, katika kazi yake ya mwaka 1753, aliipanga zaidi kwa kuhesabu viungo vya uzazi ndani ya ua. Lakini macho yana mipaka. Tazama mpapai, mlonge na kabichi: nani angesema hawa ni ukoo mmoja? Basi tafuna mbegu ya papai, au ponda mzizi wa mlonge uunuse tu. Utausikia ule ukali unaopanda puani, ukali wa haradali. Unatokana na viambata viitwavyo glukosinolati. Vikiwa vimetulia ndani ya seli havina makali. Seli inapopondwa, viambata hivyo hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimehifadhiwa kando, na hapo ndipo ukali unapozaliwa. Kwa miaka mingi familia za mimea hii ziliwekwa mbalimbali vitabuni. Vinasaba viliposomwa katika miaka ya 1990, mpapai, mlonge na kabichi vikawekwa katika oda moja, yaani kundi la familia zenye undugu, jinsi kemikali zilivyokuwa zikidokeza.

Rangi nazo husema. Wekundu wa maua na matunda mengi ni wa anthosianini, lakini wekundu wa mchicha mwekundu na wa bogenvilia ni wa kundi jingine kabisa, betalaini. Mpaka leo haujaonekana mmea unaotengeneza zote mbili kwa asili yake.

Kwa hiyo mimea yenye kemikali moja ni ndugu?

Si lazima. Kafeini imo kwenye mkahawa, mchai na mkakao, na hii ni mimea ya familia tatu tofauti, kila mmoja umeifikia kafeini kwa njia yake. Kemikali ni shahidi mmoja. Umbo la ua na vinasaba navyo huitwa kutoa ushahidi. Tena mmea uleule hubadilika kwa udongo, msimu na umri, na gome lake huenda likawa na kitu ambacho jani halina.

Mgonjwa anafaidika nini na habari hizi za ukoo?

Anafaidika sana, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Uchungu wa mwarobaini unatokana hasa na limonoidi, kundi la viambata vichungu vya mimea. Familia yake ni jirani wa karibu wa familia ya mchungwa na mlimau, na uchungu unaousikia ukitafuna mbegu ya limau unatokana na limonini, ambayo ni limonoidi pia. Ukijua undugu huo unajua pa kutafuta viambata vya aina hiyo, na pia pa kuogopa. Mwarobaini una ndugu anayefanana nao mno, Melia azedarach, ambaye matunda yake ni sumu na yamewahi kuua watu na mifugo. Kuutofautisha, angalia jani: la mwarobaini hugawanyika mara moja tu, vijani vikijipanga pande mbili za kikonyo, lakini la Melia hugawanyika na kugawanyika tena. Anayechuma kwa kuuzoea mti kijuujuu anaweza kumpa mgonjwa kitu kingine kabisa.

Mfano mwingine ni Rauvolfia serpentina, mmea uliotumika India kwa karne nyingi. Mwaka 1952 wakemia walitenga kutoka humo reserpini, ikawa dawa ya shinikizo la damu. Kiambata hicho hupatikana pia kwa ndugu yake wa Afrika, Rauvolfia vomitoria. Katika familia hiyohiyo yumo Catharanthus roseus, ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo watu wa nchi mbalimbali walilitumia kwa kisukari. Watafiti nchini Kanada walipolichunguza katika miaka ya 1950 wakitafuta dawa ya kushusha sukari, waliona kwamba linapunguza chembe nyeupe za damu. Huko ndiko ilikotoka vinblastini, dawa ya saratani. Dawa nyingine ya mmea huo, vinkristini, hadi leo hutibu watoto wenye saratani ya damu. Na katika familia hiyohiyo yumo Nerium oleander, ua zuri la mapambo ambalo majani yake husimamisha moyo.

Je, waganga wa jadi walijua kemikali hizi?

Hawakuzijua kwa majina haya, lakini ulimi na pua zao zilifanya uainishaji wa kweli, na ningependa tuuheshimu. Uchungu mkali mara nyingi huashiria alkaloidi, viambata vyenye nitrojeni ambavyo vingi vina nguvu kubwa mwilini. Ukakasi, ule unaokaza ulimi na ufizi, ni tanini, ambazo hushikamana na protini. Kwa hiyo magome yenye ukakasi yalitumika kwa kuhara na kwa vidonda. Povu likifuka mzizi unapotikiswa majini, hapo kuna saponini. Harufu inayobaki vidoleni ni mafuta tete.

Lakini ulimi hauoni kila kitu. Mganga humwona aliyeharisha leo akapona kesho. Ini linaloharibika polepole kwa miezi, kama linavyofanywa na alkaloidi za baadhi ya mimea ya jenasi (kundi la spishi za karibu) Senecio na Crotalaria, ni vigumu kulihusisha na kikombe kilichonyweka zamani.

Kuchemsha au kuloweka kuna tofauti?

Tofauti kubwa. Mtaalamu wa China, Tu Youyou, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika Artemisia annua, na matokeo yake hayakutulia. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, yaliyoelekeza mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Hakuna kuchemsha! Akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, kiyeyushi kisichohitaji moto mkali. Artemisinini ikapatikana, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli.

Hata hivyo, usiichukue habari hii kama ruhusa ya kutibu malaria kwa chai ya majani hayo. Kiasi cha artemisinini ndani ya kikombe hakitabiriki, na Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo: ugonjwa unaweza kurudi, na vimelea kuizoea dawa.

Kitu cha asili si ndiyo salama zaidi?

Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito walianza kupata ugonjwa wa figo. Zaidi ya 100 waliathirika, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mmea wa Kichina uitwao fangji ulikuwa umebadilishwa na mwingine, guang fangji, wa jenasi Aristolochia. Majina yanakaribiana, viambata havihusiani hata kidogo. Wakemia walipopima unga huo hawakukuta kiambata kilichotarajiwa, wakakuta asidi ya aristolochia. Kipimo hicho, kromatografia, huvitenganisha viambata vya mmea hadi kila spishi, yaani aina ya mmea, ikaonekana na alama zake, kama za vidole. Kingefanywa kabla vidonge havijatengenezwa, figo zile zingenusurika. Siwezi kuandika hilo bila uchungu.

Nikienda hospitali ilhali natumia mitishamba, niseme nini?

Sema ukweli wote, bila aibu, na anayekuhudumia hana haki ya kukukemea kwa hilo. Taja jina unalolijua, sehemu ya mmea iliyotumika, ilivyoandaliwa, kiasi, na tangu lini. Kama unaweza, nenda na kitawi chenye jani na ua, kwa sababu jina la mtaani huenda likabeba mimea mitatu. Taja pia dawa za hospitali unazotumia. Hypericum perforatum, mmea unaotumiwa kwa huzuni nzito, hulichochea ini livunje dawa nyingine upesi, zikiwemo baadhi za kupunguza makali ya VVU na za uzazi wa mpango. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa ini au figo aseme kabla hajaanza kunywa.