Thuluthi ya Mjane Haikuwa Mali Yake

Nimeletewa tena nakala ya wosia wa mkulima wa Massachusetts, Marekani ya enzi za ukoloni wa Kiingereza, na kabla sijavaa miwani nimeulizwa: "Huyu bibi alirithi thuluthi ya shamba. Alimuuzia nani?" Hakumuuzia mtu. Shamba halikuwa lake.

Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu mtu akishaishika huvuruga ukoo mzima anaoutafiti. Kwa sheria ya Kiingereza iliyovuka bahari na walowezi, mjane alistahili *kutumia* thuluthi ya ardhi ya mumewe maadamu yu hai. Alilima, akavuna, akakodisha, akala kodi. Kumuuzia mtu iwe yake milele hakuweza, wala kuwausia watoto wa ndoa nyingine. Siku akifa, ardhi ilirudi kwa warithi wa mume. Sisi tuliozoea mirathi ya Kiislamu huteleza hapa kirahisi: thumni ya mjane ambaye mumewe ameacha watoto ni ndogo kuliko thuluthi, lakini ni yake kabisa. Aliyepitia kesi za mirathi Kenya huelewa upesi zaidi, maana haki inayofanana na hiyo, ya kutumia maisha yote, iliandikwa katika sheria ya urithi ya huko, ingawa ile ya Kenya hukoma mjane akiolewa tena.

Anayebisha namwonyesha mirathi ya Daniel Parke Custis wa Virginia. Alifariki 1757 bila wosia, akaacha mke, mtoto wa kiume na wa kike. Mkewe Martha alipata thuluthi ya mashamba na ya watumwa kwa maisha yake, kwa kuwa sheria ya Virginia ya 1705 iliwahesabu watumwa kama ardhi katika mirathi. Mwaka 1759 akaolewa na George Washington. Washington alipoandika wosia wake 1799 na kuagiza watumwa wake waachwe huru, shamba lake la Mount Vernon lilikuwa na watumwa 317, na 153 kati yao hakuwa na mamlaka ya kuwaacha huru: walikuwa wa fungu la Custis. Martha naye hakuwa nayo. Alipofariki 1802 wakagawanywa kwa wajukuu wanne aliopata kwa Custis, na ndoa nyingi za watumwa zikapasuka, kwa kuwa mmoja alikuwa wa Washington na mwenzake wa Custis. Ndiyo uzito wa neno "kutumia". Tafadhali msilipite mbio.

Kwa hiyo mkulima mwangalifu hakuishia kwenye thuluthi, aliandika. Katika wosia wa New England, yaani Massachusetts na jirani zake, utakuta chumba cha upande wa mashariki, haki ya kuingia jikoni na kuchota kisimani, ng'ombe mmoja alishwe kiangazi na baridi, kuni zikatwe zifikishwe mlangoni, mahindi kadhaa kila mwaka, farasi wa kumpeleka kanisani. Vyote hivyo atoe mwana aliyeachiwa nyumba, "maadamu mama yake ni mjane wangu". Wateja, wakiona haki inakoma mjane akiolewa tena, husoma wivu wa marehemu. Mimi nasoma mzee aliyemjua mwanawe na mkaza mwana wake, akataka mama awe na karatasi ya kushika mbele ya hakimu. Na wosia ukimpunja, katika makoloni kama Maryland mjane aliweza kuukataa akadai thuluthi yake.

Kwamba mwana wa kiume wa kwanza alichukua ardhi yote? Virginia na New York, ndiyo, pasipo wosia, hadi miaka ya 1780. Massachusetts, hapana: sheria ya 1641 ilimpa mafungu mawili, kama Kumbukumbu la Torati 21, na hata hilo likafutwa 1789. Palipo na wosia, baba aligawa alivyotaka.

"Mke wangu wa sasa" haithibitishi kwamba alikuwepo mke wa kwanza. Maneno hayo yanaufunga urithi kwa mke huyu, asije akadai mwingine atakayeolewa baadaye. Futeni wale wake wa kwanza mliowabuni.

Na mwana aliyeachiwa shilingi moja si lazima awe alilaaniwa. Mara nyingi fungu lake alishapewa alipooa, na shilingi ni ya kuonyesha kwamba hakusahauliwa. Ndiyo maana nawasihi kila siku: msianze na wosia, anzeni na daftari la hati za ardhi la kaunti. Tafuteni hati ambamo baba anampa mwanawe ekari kadhaa "kwa mapenzi niliyonayo kwake". Msipoiona, angalieni orodha za walipa kodi na mipaka iliyotajwa katika hati za majirani, kwa sababu kule Andover, mji wa Massachusetts, wazee wengi waliwaweka wana wao kwenye ardhi miaka na miaka bila kuwaandikia hati, hadi siku ya kufa.