Mhusika anayejificha si lazima awe mnafiki

Fungua daftari la fasihi la mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Tabora, nenda kwenye usawiri wa wahusika. Anayesema hili mbele za watu na kufanya lile chumbani kaandikwa "mnafiki", mstari umepigwa, basi. Neno hilo moja limefunika dhana kadhaa potofu, na kila moja inakula alama.

Dhana: Anayeficha nafsi yake ni mnafiki

Kipimo ni chepesi. Uliza: akiivua barakoa sasa hivi, atapoteza nini? Akipoteza alichokitwaa kwa hadaa, huyo mnafiki. Akifungiwa mlango kwa vile alivyo tu, tafuta neno jingine. Chukua Portia wa Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 (Nyerere huyohuyo aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary's ya mjini hapa). Portia anavaa joho la mwanasheria wa kiume kwa sababu mahakama ile isingemsikiliza mwanamke. Akilivua kabla ya kesi, hoja zake zinabaki zilezile, ila hazina wa kuzisikia.

Dhana: Ni udhaifu wake mwenyewe, hajiamini

Wanafunzi wa Tabora na Ujiji ndio wangekuwa wa mwisho kuamini hili. Karne ya 19, kwenye njia ya misafara, maneno mawili yalipanga watu: mshenzi na mwungwana. Mtu wa bara aliyevaa kanzu, akajifunza Kiswahili na kujipa jina la pwani alisogea upande wa pili. Alikuwa anajiamini vizuri tu. Alijua heshima inagawiwa kwa vazi gani na kwa lugha gani.

Msome hivyohivyo Ocol, mume wa Lawino katika Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek (1966). Ukimwita mpumbavu anayedharau ngoma za kwao, umerudia alichosema Lawino, hujachambua. Swali lenye alama ni hili: katika Uganda ile, nani alikuwa anagawa vyeo, na aliwataka watu wa namna gani?

Dhana: Mwandishi lazima atamke kwamba mhusika anajificha

Hii huwaumbua zaidi wanaoandika kuliko wanaosoma. Mambo matatu yanatosha: watu anaojificha mbele yao, bei atakayolipa wakimjua, na ufa mdogo ambao msomaji anauona kabla yao.

Tuseme kijana wa Kasulu, mkoani Kigoma kwenye mawese, yuko Dar, amechoka kuulizwa kama yeye ni Mrundi. Ukweni kasema anatoka Morogoro. Siku ya kwanza kukaribishwa chakula, maharage yameungwa kwa mawese.

"Samahani baba, sijui kwenu mnakula mawese."

"Nitaonja tu, mama."

Anamega tonge, anachovya kwa ncha ya vidole kama mgeni. Maongezi yanakolea, anajisahau. Tonge la mwisho linazunguka ndani ya bakuli hadi wekundu wote unaondoka ukutani mwake. Simu inatetema mezani: Mama. Anaigeuza kifudifudi.

Acha hapo. Ukiongeza "moyoni alijua yeye ni mtu wa Kigoma," umemwaga mchuzi. Kosa la pili ni nyufa nyingi: hadithi ya kurasa kumi inabeba mbili au tatu, na ya kwanza iwe ndogo kiasi cha kupitwa. La tatu ndilo baya zaidi, kusahau bei. Kama ukweni hakuna aliyewahi kuwasema vibaya watu wa mwisho wa reli, msomaji atauliza kwa nini asiseme tu, na atakuwa na haki. Weka neno moja la shemeji, mapema, kwa mzaha.

Dhana: Barakoa ikidondoka, hadithi imekwisha

Kesi ya Portia inaisha katika tendo la nne. Tendo la tano zima bado lipo, na ndimo Bassanio, mumewe, anapodaiwa pete ya Portia aliyompa "mwanasheria" bila kujua ni Portia mwenyewe. Katika Passing, riwaya ya Nella Larsen (1929), Clare Kendry ni Mmarekani mweusi anayepita kama mzungu, kaolewa na mzungu anayewachukia weusi na asiyejua. Kukubalika amekupata, tena kwa wingi. Bado anarudi Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, kujibanza kwa watu aliowaacha, kwa kuwa aliyekubaliwa kule nyumbani ni mwingine.

Kwa hiyo ufichuzi uwekwe kama theluthi mbili ya njia, zibaki kurasa za kuonyesha nani analipa. Rudi ukweni. Asubuhi kijana anaaga, mama mkwe anamfungashia chupa ya mawese kwenye mfuko wa rambo. "Ya njiani hiyo, baba. Kigoma mbali." Wengi wangeweka nukta hapo, wakidhani wamemaliza. Shemeji yuko mlangoni, kasikia, na kijana hajajibu.