Machame Mlutheri, Kibosho Mkatoliki: dhana potofu kuhusu mgawanyiko wa Wakristo

Dhana: Kila mmoja yuko kwenye dhehebu lake kwa sababu alipima mafundisho, akachagua.

Wengi wetu tulilikuta nyumbani, kama tulivyokuta jina la ukoo. Tazama Kilimanjaro. Machame ni Walutheri kwa sababu misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilifika huko mwaka 1893. Majirani zao wa Kibosho ni Wakatoliki kwa sababu waliofika kwao ni mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Old Moshi walitangulia Waanglikana wa CMS, shirika la misheni la Uingereza, mwaka 1885. Walipokosana na serikali ya Wajerumani wakaondoka 1892, na Waleipzig wakashika nafasi yao. Hakuna mzee wa Kichaga aliyeketi na mbege yake akawalinganisha Luther na Papa. Kenya nako misheni za Kiprotestanti ziligawana nchi waziwazi: Wamethodisti Meru, AIM (Africa Inland Mission) Ukambani. Bibi yangu alikuwa Mmachame. Angezaliwa vilima viwili tu upande wa mashariki, huenda mimi leo ningekuwa nashika rozari na kuwashangaa Walutheri.

Dhana: Kanisa lilikuwa moja mpaka Luther alipolivunja mwaka 1517.

Miaka zaidi ya elfu moja kabla yake, baada ya Mtaguso wa Kalkedonia wa 451, mkutano wa maaskofu uliobishania asili ya Kristo, Wakopti, Waethiopia na Waarmenia walikwenda njia yao. Kisha ikaja 1054. Kardinali Humbert aliingia Hagia Sophia, Konstantinopoli, akaweka juu ya altare hati ya kumtenga patriaki, mkuu wa Wakristo wa Mashariki, ambao leo tunawaita Waorthodoksi. Aliyemtuma, Papa Leo IX, alikuwa amekufa karibu miezi mitatu nyuma. Laana za siku zile ziliondolewa na Papa Paulo VI na Patriaki Athenagoras tarehe 7 Desemba 1965, ingawa Ushirika Mtakatifu hawajaanza kuushiriki pamoja hadi leo.

Dhana: Habari za umoja ni za juzi, zimeletwa na mikutano ya Ulaya.

Hapa ndipo huwa nawauliza watu kama wamewahi kusikia habari za mkutano wa Kikuyu, Kenya, 1913. Wengi hawajasikia, nami sijui kwa nini hatufundishwi. Juni mwaka ule wamisionari wa CMS, Wapresbiteri wa Skoti, AIM na Wamethodisti walikutana Thogoto, huko Kikuyu, kupanga shirikisho la makanisa yao. Siku ya mwisho Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki pamoja naye. Moto ukawaka. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzake, alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Ugomvi wa Thogoto ukasomwa magazetini London! Weston hakuwa mtu wa chuki. Aliona kwamba mkishiriki Meza ya Bwana kabla ya kukubaliana juu ya uaskofu, mmejenga juu ya mchanga. Na mwaka 1920, kwenye mkutano wa maaskofu huko Lambeth, alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuandaa wito wa umoja kwa Wakristo wote. Mtu yule yule.

Dhana: Umoja maana yake ni kufuta madhehebu, wote tuwe chini ya Papa.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, suala lile lile lililowatenganisha wakati wa Luther. Walitoka pale Walutheri wakiwa Walutheri na Wakatoliki wakiwa Wakatoliki. Tazama pia ubatizo: Mlutheri akiingia Ukatoliki habatizwi upya, maadamu alibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Padre anataka cheti tu. Pagumu ni kwa Wabaptisti na Wapentekoste wengi, ambao hawautambui ubatizo wa mtoto mchanga. Hilo halimalizwi kwa kushikana mikono jukwaani.

Dhana: Tofauti zenyewe ni ndogo, viongozi ndio wanaogombania sadaka.

Sadaka zinagombaniwa, sikatai. Lakini nenda kwenye harusi ya mseto. Dada yangu aliolewa na Mkatoliki, kanisani kwao. Kwaya mbili ziliimba, ya kwao na ya kwetu, na kwenye masomo hakuna aliyejua nani ni wa wapi. Ulipofika wakati wa komunyo, shemeji alisimama akaenda mbele. Dada alibaki amepiga magoti peke yake na shela lake, ameshika maua ya watu wawili.