Je, Wajua? Kwa Nini Kikombe cha 34C Kinalingana na cha 36B

Ukisimama kwenye meza ya sidiria Kariakoo, swali utakaloulizwa ni moja: "Namba ngapi, dada?" Ukisema 34 unapewa 34. Herufi haiulizwi, na sidiria nyingine hazina hata herufi kwenye lebo. Basi 34 inakubana matiti, ukichukua 36 inacheza mgongoni, na unaondoka ukidhani wewe ndiye usiye na saizi.

Namba ni kipimo cha mkanda unaozunguka mbavu chini ya matiti, kwa inchi, nayo huruka mbili mbili: 32, 34, 36. Mwenye inchi 33 ameshaangukia katikati kabla hata hajafika kwenye kikombe. (Lebo ikiandikwa 34/75, hiyo 75 ni namba ya Ulaya kwa saizi hiyohiyo, na Wafaransa wao huiita 90. Usishtuke.) Herufi nayo haitaji ukubwa wa titi peke yake. Inaonyesha kifua, kikipimwa pale matiti yanapojaa zaidi, kimezidi kipimo cha chini kwa kiasi gani: kwa hesabu ya Kimarekani, inchi moja ni A, mbili ni B, tatu ni C. Kampuni ya S.H. Camp ya huko ndiyo iliyoleta herufi A hadi D mwaka 1932. Kwa hiyo D ya namba 32 na D ya namba 38 ni vikombe viwili tofauti kabisa, na ile dhana kwamba D lazima iwe matiti makubwa haina msingi.

Sasa, kikombe cha 34C kina ujazo sawa na cha 36B na cha 32D. Viwanda hata hutumia waya uleule kwenye saizi hizo. Kinachobadilika ni urefu wa mkanda. Ndiyo maana aliye katikati ya saizi hufuata kanuni hii: ukipanda namba moja, shuka herufi moja, ukishuka namba, panda herufi. Kama 34C inakutosha matiti ila inakukaba mbavu, jaribu 36B. Kama mkanda wake unapanda mgongoni, jaribu 32D.

Wengi wetu hufanya kinyume. Kikombe kikiwa kidogo tunapanda namba, kwa kuwa namba ndiyo inayouzwa, wakati tulichohitaji ni herufi. Mkanda unalegea, na mzigo ambao ungebebwa na mkanda unahamia mabegani. Zile alama za kamba zinazobaki mabegani jioni mara nyingi hutokana na hilo, wala si uzito wa matiti.

Unapojaribisha, funga kulabu za nje kabisa, zile zinazolegeza, kwa sababu mpira utavutika kadiri unavyofua na hapo ndipo utahamia za ndani. Ingiza vidole viwili chini ya mkanda mgongoni: vipite, lakini visipate nafasi ya kucheza. Kisha inama, yaweke matiti vizuri ndani ya vikombe, simama ujitazame ubavuni. Mkanda uwe sambamba na ardhi. Kipande cha kati, kwenye sidiria yenye waya, kilale juu ya mfupa wa kifua. Kikining'inia, kikombe ni kidogo. Nyama ikifurika juu, vilevile. Kitambaa kikifanya mikunjo, kikombe ni kikubwa, au umbo lake si lako.

Kanuni hii haimsaidii aliye katikati ya herufi, yaani B inamfurika na C inakunjamana. Huyo abadilishe umbo badala ya saizi: kikombe ambacho ukingo wake wa juu umeshuka, au cha kitambaa kinachovutika. Na kama titi moja ni kubwa kuliko jingine, jambo la kawaida sana, nunua kwa kufuata lile kubwa, lile dogo uliwekee sponji nyembamba.